Batli, kumbukumbu na akidi: ujumbe wa matukio katika kundi la seva

Batli (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni neno la mabaharia: kifaa cha kupimia mwendo wa chombo, na pia daftari la safari. Kiingereza kilipita njia hiyo hiyo: gogo lililotupwa majini kupima mwendo, kisha kitabu cha nahodha, kisha faili la kompyuta.

Wafasiri wengi huliita faili hilo *kumbukumbu*. Si kosa, ila neno hilo tayari limebeba kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Fundi wa Nyasubi, mjini Kahama, akikuta usiku sentensi *Kumbukumbu imejaa*, afute mafaili ya zamani au aongeze kumbukumbu ya mashine? *Batli imejaa* haimwachii shaka.

Katika programu za kuunganisha seva, kama Pacemaker na Corosync, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kila seva huandika batli yake. Tukio ni moja, mashahidi ni wengi. Ni kama daftari la mifuko ya mawe la mwenye duara na lile la mwenye leseni, ambayo hayaaminiki mpaka yalinganishwe. Pacemaker huweka batli ya kina katika kila seva, na kwa kawaida hupeleka kwenye batli ya mfumo ujumbe wa kiwango cha taarifa na ulio mzito kuliko huo tu. Hapa *kiwango cha juu* ni mtego: katika kanuni ya RFC 5424 ya mwaka 2009 viwango ni 8, kuanzia 0 hadi 7, na namba ndogo ndiyo nzito. Kosa ni 3, onyo ni 4, taarifa ni 5. Iandikwe *mzito zaidi*.

Akidi haihitaji kubuniwa. Ni ile ile ya Bunge. Kwa kawaida, kundi la seva 5 huhitaji 3. Akidi hutimia au hukosekana. *Akidi imepotea* ni tafsiri ya sisisi, kana kwamba ni ufunguo.

Tarakimu za saa zisiguswe. Ujumbe wa 04:10 kwa saa za UTC ni 07:10 Nyasubi, na msemaji ataitaja saa moja na dakika kumi asubuhi. Mfasiri akiandika *saa 1:10* ndani ya batli, seva mbili zilizoshuhudia tukio moja zitaonekana zimeshuhudia mawili.