Paa na Moshi: Tulipoacha Nyasi Tukaezeka Bati

Leo tuache kidogo habari za mbolea na mbegu. Hebu inua macho utazame paa lililo juu ya kichwa chako. Je, moshi wa jikoni hutokea wapi?

Wazee wetu walilijua jibu. Wachagga wa Kilimanjaro walikaa katika nyumba za msonge, watu na ng'ombe ndani, na moto katikati. Wahaya nao walikuwa na msonge wao. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe, paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Nyumba hizo hazikuwa na dohani. Katika msonge moshi ulipanda polepole ukapenya katikati ya nyasi, na ulipopita ulifanya kazi: ulikausha nyasi na kufukuza wadudu watoboao miti. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya mafiga, yakapakwa masizi, yakangoja mvua. Lakini moshi huohuo uliwaumiza mama na watoto macho na kifua.

Sasa basi, bati likaja. Bati la mikunjo lilibuniwa Uingereza mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London. Mwaka 1837 huko Ufaransa ikapatikana njia ya kulipaka chuma zinki ili lisishike kutu upesi. Kwetu bati lilianza kwenye maduka, misheni na ofisi za serikali. Katika miaka ya 1950, bei ya kahawa ilipopanda, wakulima wengi wa Kilimanjaro na Bukoba waliezua nyasi wakaezeka bati. Baadaye vikaja vijiji vya miaka ya 1970, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nyumba bora ikawa wimbo wa kila kijiji.

Tulipata faida, ndugu yangu. Bati haliwaki moto kama nyasi, halitaki kuezekwa upya mara kwa mara, na maji yake ya mvua hukingwa. Lakini tulibadili paa tukasahau moshi. Bati halipumui kama nyasi. Moshi ukigonga bati hurudi chini, na anayeupokea ni mama aliyeinama jikoni na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hilo si jambo dogo.

Hivyo basi, ukibadili paa, fikiri paa na dohani pamoja. Fanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, kabla ya mawingu. Kwanza kagua kenchi na papi. Mti ulioliwa na mchwa utoe, usiufunike kwa bati jipya. Dohani ipite kilele cha paa, isije upepo ukausukuma moshi ndani. Bomba la moto lisiguse papi, wala nyasi kabisa. Pale linapopenya bati, zungushia kipande cha bati kilichokunjwa, na upande wa juu kiingie chini ya bati la paa, ili maji yateremke bila kuvuja.

Dohani ya zamani usiidharau. Moto ukiwa umezimika na kupoa, kwangua masizi, maana yakijaa huziba njia na huweza kuwaka. Masizi yenye unyevu hula bati. Nyufa za matofali zizibe, kwani palipo na ufa moshi hurudi nyumbani.

Wazee waliuacha moshi upite kwenye nyasi. Sisi tumeziondoa nyasi. Yatupasa tuupe moshi njia nyingine. Jioni ya leo, mama akiwasha moto, simama mlangoni utazame unakwenda wapi. Kwaheri, ndugu mkulima, na kazi njema.