Asili ya Kapu la Katani

Ukipita viwanja vya Nane Nane pale Nyamhongolo, au hata sokoni kwetu Mkuyuni, utayaona: makapu ya katani, kofia, mikeka, na siku hizi vinyago vya kusuka vya kutundika ukutani. Juu yake kibao: "Bidhaa za asili." Hebu tuliulize hilo neno maswali mawili matatu.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Kwao ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Watu husimulia eti ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Hadithi tamu, lakini utamu zaidi uko kwenye hesabu: kutoka kwenye hiyo miche 62, kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka.

Nani alikata majani yote hayo? Mashamba yalikuwa Tanga na Morogoro, ila mikono ilitoka mbali, Usukuma na Unyamwezi ikiwemo. Waliitwa manamba, kwa sababu kazini mtu alijulikana kwa namba yake.

Huku kwetu Usukumani mkonge ulipata kazi nyingine. Ulipandwa kama ua, kuzunguka miji na kwenye mipaka ya mashamba. Soko la dunia lilipohamia kwenye kamba za nailoni, mashamba makubwa yalianguka. Ua haukuanguka. Mama alikata jani, akaliparua, akaanika nyuzi, akazisokota pajani, akasuka.

Na kusuka hakukuja na Hindorf. Watu walishasuka kwa nyasi na nyuzi za magome muda mrefu kabla ya Mjerumani. Nenda Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, ambayo Padri David Clement ndiye aliyeyaanzisha, uone vyombo vya mababu. Kwa hiyo kilicho cha asili kwenye kapu ni mkono. Uzi ulihamia tu. Hata kile kinyago cha katani, ambacho bibi zetu wangekishangaa maana walizoea vya mbao, ni mkono uleule umepata wazo jipya. Hakuna aibu hapo.

Aibu iko kwenye bei. Mteja anashika kapu la siku nyingi za kazi, anasema, "Mama, punguza, si majani tu haya?" Anaponunua, anauliza limetoka wapi. Hamuulizi mama jina lake. Kapu likifika hotelini, linaandikwa "Mwanza", basi.

Manamba waliandikwa namba. Hawa wanaotusukia, hata namba hatujawaandikia.