Mhanga wa Dave Sim na Gharama ya Kujitegemea

Kamusi zetu zinamwita mhanga yule mnyama mla mchwa mwenye masikio marefu na pua kama bomba. Neno lilo hilo ndilo tunalosikia mtu akisemwa amejitoa mhanga. Sadfa hiyo hunijia kila nifunguapo Cerebus, hadithi ya michoro ambayo Dave Sim alianza kuichapisha mwenyewe huko Kitchener, Kanada, mnamo Desemba 1977. Shujaa wake ni mhanga wa kijivu, mfupi, mwenye hasira za karibu na upanga mkononi.

Mwanzoni ulikuwa mzaha tu wa kuwabeza mashujaa wa mapanga. Kufika miaka ya 1980, mambo yakawa mazito. Katika High Society, mhanga anakuwa waziri mkuu. Baadaye anatawazwa kuwa Papa! Nani angemruhusu mchoraji kufanya hivyo? Hakuna, na hakuhitaji ruhusa.

Hebu tukumbuke kisa cha 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster walipouza haki za Superman kwa dola 130. Mchoraji alikuwa kibarua. Kilichobadilisha hali ni maduka. Kuanzia miaka ya 1970, maduka maalumu ya katuni Amerika Kaskazini yaliagiza nakala mapema, tena bila haki ya kurudisha zilizododa. Mchapishaji mdogo akajua achapishe ngapi kabla ya mtambo kunguruma. Mwaka wa 1986, Sim aliikusanya High Society katika kitabu cha zaidi ya kurasa 500 na kuwauzia wasomaji moja kwa moja.

Kwangu mimi mpenzi wa lugha, utamu wenyewe umo katika herufi. Kwenye kampuni kubwa, mmoja hutunga, mwingine huchora, wa tatu huandika maneno. Sim aliyashika yote, ingawa kuanzia 1984 Gerhard alimchorea mandhari. Kwa hiyo mlevi akisema, herufi zinapepesuka. Mwenye hofu akinong'ona, zinasinyaa hadi karibu zitoweke. Unasoma kwa macho lakini sauti unaisikia kabisa. Ni jambo ambalo waandishi wetu wa tamthilia hulazimika kulieleza ndani ya mabano.

Lakini asiye na mhariri hana pia wa kumshika mkono. Katika toleo la 186, mwaka wa 1994, Sim alijaza kurasa kwa maandishi marefu kuhusu wanawake, na lawama zikamwandama. Nimeyasoma. Ni machungu, na kama sanaa yanachosha. Michoro ilizidi kumezwa na insha, wasomaji nao wakajiendea zao.

Yeye hakukoma. Alikuwa ameahidi matoleo 300, na la 300 likatoka Machi 2004. Humo mhanga anakufa, peke yake, kama Sim alivyokuwa ametangaza miaka mingi kabla.