Rubani Aliyepigwa na Risasi Zake

Kuna barua iliyonifikia ikiuliza kama ni kweli ndege ya kivita inaweza kuzikuta risasi ilizozifyatua yenyewe na kupigwa nazo. Mwandishi wa barua hiyo anasema walibishana kijiweni hadi wakawekeana dau la kreti ya soda. Jambo hili limetokea, na aliyesema ndiyo akachukue soda zake.

Ilikuwa tarehe 21 Septemba 1956, nje kidogo ya pwani ya Long Island, Marekani. Rubani wa majaribio wa kampuni ya Grumman, Tom Attridge, alikuwa akijaribu mizinga ya ndege mpya aina ya Tiger, yenye mizinga minne ya milimita 20. Alianza kuteremka kutoka futi 20,000 kwa mwendo unaozidi ule wa sauti. Alipofika futi 13,000 alifyatua kwa sekunde chache, akazidi kuielekeza pua chini, kisha akafyatua tena hadi risasi zikamwishia. Mara kioo cha mbele kikabonyea. Attridge alidhani amegongwa na ndege wa angani, yule mwenye manyoya. Akapunguza mwendo kioo kisije kikampasukia usoni, akageuza kurudi kiwanjani. Injini nayo ilikuwa imeumia, ikakata nguvu, na ndege ikaanguka mitini, chini ya maili moja kutoka njia ya kutulia. Alitoka na mguu uliovunjika na mgongo ulioumia, lakini alitoka hai. Walipoichunguza ndege ndipo walipogundua kuwa hakukuwa na ndege yeyote wa manyoya. Zilikuwa risasi zake mwenyewe, alizozikuta kiasi cha sekunde 11 baada ya kuzifyatua.

Wako watakaosema risasi ina kasi kuliko ndege. Naam, inapotoka mtutuni. Lakini risasi haina injini. Hewa inaikaba tangu inapotoka, na uzito wake unaivuta chini, hivyo njia yake inapinda. Attridge alikuwa na injini inayomsukuma, tena alikuwa amezidisha mteremko. Alipita njia ya mkato, wakakutana chini.

Hayo yalitokea juu ya bahari. Mazoezi ya kupiga shabaha za ardhini yana hatari yake nyingine. Shabaha yenyewe ni kitu duni: kitambaa kilichowambwa kwenye nguzo, au gari bovu lililoachwa uwanjani. Rubani huteremka kwa pembe ndogo, nyuzi 10 au 15 hivi, hufyatua kwa muda mfupi mno, kisha hana budi kuinua pua mara moja. Akichelewa kwa kutaka kuona kama amepata, ardhi inamngoja, na tangu Vita Kuu ya Pili wapo marubani waliokufa kwa kuikodolea macho shabaha. Na hata akiinuka kwa wakati, risasi ikigonga jiwe au chuma huweza kuruka juu, mahali anapopita yeye.

Mzinga wa ndege ya F-16 una mitutu sita inayozunguka na hutoa risasi 6,000 kwa dakika. Ndege hubeba risasi 511 tu, maana yake akishikilia kifyatulio zitamwishia kwa sekunde tano. Mwezi Januari 2019, F-16 ya Uholanzi ilikuwa mazoezini katika uwanja wa Vliehors, kisiwani Vlieland, ikapigwa na risasi yake yenyewe. Ubavu uliharibika na kipande kikaingia katika injini. Rubani alifanikiwa kutua salama Leeuwarden.

Mimi binafsi hao marubani siwahurumii sana. Wanalipwa kwa kazi hiyo na wanajua wanachokifanya. Kinachonikera ni habari ya usiku wa tarehe 3 Novemba 2004 huko New Jersey, Marekani, karibu na uwanja wa mazoezi wa Warren Grove. Katika ndege aina hiyo, kifyatulio cha mzinga hutumika pia kuwashia mwali wa leza wa kuonyeshea shabaha. Rubani alitaka mwali, akapata mzinga. Risasi 25 zilitoka, za mazoezi, zisizo na baruti ya kulipuka, na maili kadhaa kutoka kwenye shabaha palikuwa na shule ya watoto, Little Egg Harbor. Risasi nane zilitoboa paa.

Kwa kuwa ilikuwa usiku, madarasa yalikuwa matupu. Ndani alikuwamo mfanya usafi mmoja tu. Alisikia vishindo akadhani kuna mtu anakimbia juu ya paa, polisi wakaitwa. Walikuta matundu juu, na vipande vya dari vimedondoka juu ya madawati.