Anga ya Mirihi na Ushahidi wa Rangi

Karatasi nyeupe huonekana nyeupe asubuhi, nyeupe adhuhuri, na nyeupe kivulini. Hivyo ndivyo jicho linavyoeleza, na jicho hudanganya kwa wema. Nuru ya machweo ina wekundu; nuru ya kivulini, itokayo angani pasipo jua lenyewe, ina ubuluu; na karatasi hurudisha nuru iliyopewa. Akili ya mtu huiondoa tofauti hiyo kabla mwenyewe hajaitambua. Kamera haina akili hiyo. Hupokea ilichoonyeshwa, na kazi ya kuamua weupe ni upi humwangukia mtu. Uamuzi huo ndio mzigo wa kila apigaye picha nje kwa kamera ya dijitali, na ulipata kujaribiwa kwa ukali mwaka 1976 katika sayari ya Mirihi, ambayo Wazungu huiita Mars.

Tarehe 20 Julai mwaka huo yalitukia mambo mawili. Huko Marekani, Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni ya Kodak, alipewa hataza ya uvumbuzi wake: vichujio vidogo vya rangi vilivyopangwa kama miraba ya ubao wa dama juu ya jicho la umeme la kamera, nusu yake kijani, robo nyekundu na robo buluu. Mpango huo umo katika kamera nyingi za leo, na katika simu za mkononi. Siku iyo hiyo chombo cha Wamarekani, Viking 1, kilitua katika uwanda wa Chryse Planitia huko Mirihi. Kamera zake zilikuwa za namna nyingine: kioo kilichoinama na kuinuka kilisoma nchi mstari baada ya mstari, na vijicho vidogo vyenye vichujio viligeuza nuru kuwa tarakimu, zikaletwa duniani kwa redio. Walakini asili ni moja. Kijicho hakijui rangi. Hujua wingi wa nuru tu. Rangi huzaliwa kwa hesabu ya tarakimu tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Na hesabu ikikosewa, rangi hukosewa.

Picha ya kwanza ya rangi ilitolewa tarehe 21 Julai. Wataalamu wa picha, wakiongozwa na Thomas Mutch wa Chuo Kikuu cha Brown, walikuwa na ulimwengu mzima ukiwangoja. Tarakimu zilisawazishwa kwa haraka, kabla ya kulinganishwa vema na vipimo. Ikatokea ardhi nyekundu yenye mawe, na juu yake anga ya samawati. Picha ilipendeza, kwa kuwa ilikuwa na sura ya jangwa la duniani.

Lakini juu ya chombo palikuwa na mashahidi. Kabla ya safari, vibao vidogo vyenye rangi na vivuli vya kijivu viliwekwa mahali ambapo kamera zingeviona, na rangi za vibao hivyo zilijulikana. Tena ilifahamika kuwa vichujio havikuwa kamili: vilipitisha pia mionzi iliyo nje ya wekundu, isiyoonekana kwa jicho la mtu. Hesabu ilipofanywa upya kwa kuzingatia hayo yote, anga ilipoteza usamawati wake ikawa na rangi ya waridi. Sababu yake ilikuwa vumbi. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, kanieneo yake haifiki 1 kwa 100 ya ile ya dunia, lakini imebeba chembe laini zenye kutu ya chuma. Masahihisho yalipotangazwa, waandishi wa habari walizomea, ingawa kwa mzaha. Walitaka Mirihi ifanane na kwao. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa hata wekundu wa picha zile ulizidi, na kwamba udongo wa pale wakaribia zaidi hudhurungi yenye umanjano.

Hata hivyo shahidi naye hutaka kuulizwa kwa akili. Mwaka 2004 magari Spirit na Opportunity yalitua Mirihi, kila moja likiwa na saa ya jua yenye duara za kijivu na vipande vya rangi pembeni. Katika picha fulani kipande cha buluu kilionekana cha waridi, na watu wakashuku ulaghai. Ukweli ni kwamba kichujio cha mionzi ile isiyoonekana kilikuwa kimetumiwa mahali pa kile cha nyekundu, na wino wa buluu hurudisha mionzi hiyo kwa wingi. Shahidi hakusema uongo. Aliulizwa swali jingine.

Apigaye picha ya shamba, ya pwani au ya uso wa mtu kivulini yumo katika jaribio lilo hilo. Akiweka kibao cha kijivu mbele ya kamera, katika nuru ile ile iliyo juu ya kitu apigacho, anajipatia shahidi asiye na mazoea wala matamanio. Akikataa, atashauriana na jicho lake. Nalo jicho, kama waandishi wale, huelekea kupenda anga ambayo limekwisha kuizoea.