Gîte ni Dago

Gîte ni nyumba ya kijijini au ya shambani nchini Ufaransa, yenye samani na jiko, ambayo msafiri huikodi yote pamoja na ufunguo wake, kwa desturi kwa wiki nzima, akajipikia na kujifulia humo. Mwenye nyumba huonekana siku ya kukabidhi ufunguo na siku ya kuupokea. Tafsiri inayozungushwa kwa Kiswahili, na ambayo kamati moja au mbili zimeibariki bila kuuliza nani hupika humo, ni nyumba ya wageni. Tafsiri hiyo ni kosa, na anayelipia kosa lenyewe ni mstaafu anayepanga kuizunguka Ufaransa kwa wiki tatu au nne, kwa maana jina la malazi ndilo linalomwonyesha namna ya kuichora njia.

Nyumba ya wageni kwa msemaji wa Kiswahili ni gesti. Chumba hulipiwa kwa usiku, pana mtu wa mapokezi, shuka zimekwisha kutandikwa, na saa nne asubuhi mlango hugongwa. Kitu cha namna hiyo kipo vijijini Ufaransa, nacho kina jina lake: chambre d'hôtes. Sheria ya huko inakiwekea mpaka wa vyumba 5 na wageni 15, inataka kifungua kinywa kiwe ndani ya bei, na mwenyeji huishi papo hapo. Hiyo ndiyo nyumba ya wageni, wala hakuna ubishi. Mfasiri aliyekwisha kulitumia jina hilo kwa gîte hujikuta hana neno anapofika kwenye chambre d'hôtes, naye huzaa kiumbe kiitwacho «nyumba ya wageni yenye mwenyeji», kama kwamba nyumba za wageni nyingine huwa na wageni peke yao.

Asili ya neno lenyewe ina mengi. Gîte limetokana na kitenzi cha kale cha Kifaransa, gésir, yaani kuwa umelala, ambacho nacho kimeshuka kutoka Kilatini iacere. Kitenzi hicho kimekaribia kufa, lakini masalio yake yametapakaa. Kwenye makaburi ya Ufaransa huandikwa ci-gît, «hapa amelala». Mwindaji huita gîte kile kishimo cha majani anamojibanza sungura mchana. Muuza nyama hutumia neno lilo hilo kwa kipande cha mguu wa ng'ombe. Katika Zama za Kati palikuwa na haki iliyoitwa droit de gîte, ambayo kwayo mfalme au bwana aliweza kufikia kwa watu wake akalala na kula kwa gharama yao, pamoja na msafara wake. Huo ulikuwa ukarimu usiokuwa na njia ya kukataa. Maana ya leo ya utalii ni changa. Nyumba ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa mwaka 1951 katika wilaya ya Basses-Alpes, kwa juhudi za seneta Émile Aubert, na shirikisho la Gîtes de France likaundwa mwaka 1955. Vijiji vilikuwa vinahamwa, majengo ya mashamba yakibomoka, na mkulima aliyebaki alihitaji kipato cha pili. Hadi leo shirikisho hilo hupanga madaraja ya nyumba zake kwa masuke ya ngano, kuanzia suke 1 hadi 5, mahali ambapo hoteli huhesabu nyota.

Kwa kuwa mzizi ni kulala, wapo waliopendekeza malalo. Pendekezo hilo lina usomi, na ndiyo kasoro yake. Linaifasiri historia ya neno na kukiacha kitu. Mtu hulala hotelini, hulala hospitalini, hulala kwenye basi la usiku. Kulala hakutenganishi chochote na chochote. Wengine wameunga «nyumba-likizo», neno ambalo kila nusu yake ni ya Kiswahili ila kiunganishi chake hakijulikani kilikozaliwa. Tena mstaafu hana likizo. Likizo ni ya anayerudi kazini.

Neno linalofaa lipo pwani, halikuhitaji kuundwa. Ni dago. Wavuvi wa Pemba na Unguja, Wakojani wakiongoza, huvuka bahari msimu wa kaskazi wakaenda kupiga dago ufukweni mwa watu wengine, hadi pwani ya Kenya. Huko huweka makao ya muda na kujipikia. Kila siku hutoka kwenda baharini na kurudi pale pale, na muda wao ukiisha huhama. Sifa zote za gîte zimo humo: makao si ya kudumu wala si ya usiku mmoja, jiko ni la mkaaji, na kubwa kuliko yote, makao ni kitovu cha kutokea na kurejea. Lipo pia umbo ago, kambi ya wasafiri, na methali ya kale inayomkataza anayehama kulichafua ago lake, kwa kuwa huenda akarudi papo hapo. Mikataba ya gîte inasema jambo hilo kwa lugha ya fedha: asiyesafisha kabla ya kuondoka hukatwa gharama ya usafi.

Pingamizi lililosikika ni kwamba dago linanuka samaki, na mstaafu aliyechukua kiinua mgongo chake hataki kuambiwa anakwenda kambini. Pingamizi hili linatoka kwa watu wasioona tabu kwamba Mfaransa anaita nyumba ya mapumziko kwa jina la kishimo cha sungura.

Faida ya neno huonekana ramani inapofunguliwa. Anayefikiri kwa nyumba za wageni hupanga usiku baada ya usiku: leo Tours, kesho Bordeaux, keshokutwa Toulouse, na siku ya nne magoti yanauma na hakuna nguo safi. Anayefikiri kwa madago huuliza kwanza ni madago mangapi, kisha kila moja lifikiwe vipi. Kwa wiki tatu, matatu yanatosha. La kwanza laweza kuwa karibu na Amboise, bondeni mwa mto Loire. Treni ya kasi kutoka Paris hufika kando ya jiji la Tours kwa muda wa saa moja na ushei, na aliyetimiza miaka 60 anaweza kununua kadi ya punguzo la wazee katika shirika la reli. Jumba la Chenonceau liko jirani, na ndani ya Amboise kwenyewe pana Clos Lucé, alikofia Leonardo da Vinci mwaka 1519. La pili ni Dordogne, pembezoni mwa Sarlat. Huko ndiko kuliko pango la Lascaux, lililogunduliwa mwaka 1940 na kufungwa kwa watalii mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaiharibu michoro. Wageni sasa huonyeshwa nakala, na iliyo kamili zaidi ilifunguliwa Montignac mwaka 2016. La tatu ni Uzès, upande wa kusini, karibu na daraja la maji la Warumi, Pont du Gard. Avignon, penye treni ya kasi ya kurudi Paris, hapako mbali.

Ugumu wa njia hii uko katika siku mbili za kuhama. Julai na Agosti gîte hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi: mpangaji hutoka mnamo saa nne asubuhi na mpya hupokewa mnamo saa kumi jioni. Kutoka Amboise hadi Sarlat ni zaidi ya saa nne za gari, na kutoka Sarlat hadi Uzès ni safari ndefu zaidi. Jumamosi hizo hizo nusu ya Ufaransa imo barabarani. Bison Futé, huduma ya serikali iliyoanza mwaka 1976 ya kuwatahadharisha madereva, huzipaka siku rangi kuanzia kijani hadi nyeusi, na nyeusi karibu kila mara huangukia Jumamosi za kiangazi. Juu ya hayo, masoko makubwa ya Sarlat na Uzès ni ya Jumamosi, kwa hiyo mhamaji huyapita akiwa na mabegi mkononi. Itabidi aridhike na soko la Jumatano. Dawa ni kwenda Mei, Juni au Septemba, miezi ambayo mwenye watoto shuleni haiwezi na mstaafu anaiweza. Bei hushuka, na wenye nyumba wengi hukubali siku yoyote. Mwombaji wa viza ya Schengen hupata nafuu nyingine: mkataba mmoja wa dago huonyesha makazi ya siku saba.

Kabla ya kulipa huulizwa mambo manne: ngazi, kwa kuwa nyumba za kale za mawe mara nyingi huweka chumba cha kulala juu na choo chini, shuka, ambazo huenda hazimo, kuni au umeme wa kupashia joto, ambao Mei bado unahitajika, na duka la mkate lililo karibu.

Malipo yenyewe yanaleta istilahi nyingine iliyoharibiwa. Mkataba wa Kifaransa hutofautisha arrhes na acompte. Anayetoa arrhes akighairi huzipoteza, na mwenye nyumba akighairi hurudisha mara mbili. Acompte hufunga pande zote, na anayejitoa anaweza kudaiwa zaidi. Fedha ya kukinga uharibifu, inayorudishwa mwishoni, ni caution. Orodha moja imeyatafsiri yote matatu kuwa amana, mchezo wa hatari kwa fedha za mtu mzima. Amana ni caution peke yake. Acompte ni malipo ya awali. Arrhes ni arubuni, na hapa kuna zaidi ya kufanana: neno la Kifaransa limepitia Kilatini arrha na Kigiriki arrabon, ambacho kilikopa kutoka lugha za Kisemiti, nalo la Kiswahili limekuja kwa Kiarabu. Ni ndugu wawili waliofika kwa njia mbalimbali, na orodha hiyo imewapa jina la jirani.

Matumizi hayana tabu. Dago huingia ngeli ya li-ya: dago la Amboise, madago ya Dordogne, hukodiwa, hupigwa, huhamwa. Gîte d'étape, bweni la usiku mmoja kwa watembea kwa miguu, kama wale wa njia ya mahujaji inayoanzia Le Puy-en-Velay, si dago. Hilo laweza kuitwa malalo, na waliolipenda neno hilo walitumie hapo.