Bangili za Isiolo zililelewa na kizuizi cha polisi

Kama umewahi kupanda gari ya kwenda Marsabit ama Moyale, unazijua. Gari ikisimama tu Isiolo, kijana yuko dirishani, mkono mzima umejaa bangili za shaba nyekundu, shaba ya njano na aluminiamu. Anataja bei, unacheka, unataja yako, mnapatana. Lakini mbona Isiolo hasa? Na mbona miaka yote hii mwenye bangili bado anakimbiza magari?

Mimi ni mtoto wa hapa, na leo nataka tuongee historia. Kila mwaka kuna mtu anakuja kutuambia eti kazi za mikono zitainua vijiji vyetu. Sawa, zinaweza. Lakini tujue kwanza zimekuwa zikizuiwa na nini.

Tuanze mbali. Shanga za zamani sana Kenya hazikutoka ng'ambo. Kwenye pango la Enkapune ya Muto, upande wa Naivasha, watafiti walichimbua shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa miaka kama 40,000. Zile za kioo unazoona shingoni mwa mama Msamburu zilifika baadaye. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilibeba shanga, nguo na nyaya za shaba, ikirudi na pembe za ndovu. Kioo chenyewe kilitoka Venice, halafu Jablonec, huko kunaitwa leo Jamhuri ya Cheki. Na wanunuzi wa bara hawakuwa wajinga. Kila jamii ilikuwa na rangi inayoitaka, na rangi hizo zilibadilika. Msafara ukileta rangi iliyopitwa, unakwama nayo. Kwa hivyo mtu akikuambia utamaduni wetu haujawahi kuguswa na biashara, mwambie aziangalie shanga vizuri.

Halafu wakaja Waingereza wakafunga mlango. Sheria yao ya 1902 iliwaruhusu kuzifanya wilaya za pembezoni kuwa eneo lililofungwa, na kaskazini yote ikaingia humo. Huwezi kuingia bila kibali. Isiolo ikawa mlango wenyewe. Hapa walikaa Wasomali waliopigania Uingereza Vita vya Kwanza, pamoja na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Mji wa watu mchanganyiko hivi ulifaa kuwa soko kubwa la kazi za mikono, lakini mnunuzi alikuwa anahitaji karatasi ndio afike.

Uhuru ulipokuja, sisi tulipata vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Watu walikusanywa kambini, mifugo ikaisha. Sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Hebu fikiria: Mombasa inajenga hoteli za watalii, huku kwetu unaulizwa kitambulisho na unakoenda.

Sasa bangili. Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo, na mwisho wa mji kulikuwa na kizuizi cha polisi. Magari ya kaskazini yalisubiri hapo, mara nyingi yaondoke kwa msafara kwa sababu ya majambazi. Abiria akingoja saa mbili atanunua kitu. Soko letu lilijengwa na kusubiri, na aliyeamua usubiri wapi hakuwa fundi.

Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, zaidi ya kilomita 500. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini gari zikaanza kupita mbio. Soko la kusubiri linakufa polepole na hakuna aliyepanga litakaloshika nafasi yake.

Sasa tuwaangalie Wakamba. Mutisya Munge wa Wamunyu alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, akajifunza uchongaji huko. Alirudi nyumbani na ufundi huo, ukasambaa kijijini. Baadaye wachongaji wakaungana. Mwaka 1963 chama chao cha ushirika kikaanza Changamwe, Mombasa, mahali watalii wanafika. Mchongaji ni mwanachama, chama kina duka, mnunuzi anakuja kwao. Si hadithi tamu tupu. Mpingo na muhugu zilikatwa mpaka zikaadimika, wengine wakahamia mwarobaini. Lakini angalau walikuwa na meza yao ya kukalia wakiamua.

Sisi tuna nini? Kuna BeadWORKS, chini ya Northern Rangelands Trust iliyoanzishwa 2004, makao yake Lewa. Imewapa kazi wanawake zaidi ya 1,000 wa kaskazini na kupeleka shanga zao ng'ambo. Hizo ni hela za kweli, za karo na unga, na siwezi kuzidharau. Shida ni kwamba oda na soko viko mkononi mwa shirika. Oda zikipungua, mama hana mteja wa pili. Serikali nayo ilizindua mpango wa Ushanga 2017 ikalenga kaunti saba: Kajiado, Narok, Samburu, Marsabit, Turkana, Pokot Magharibi na Baringo. Tumepakana na Samburu na Marsabit, lakini Isiolo haikuwepo.

Kwa hivyo wasee, tusidanganyane eti shida ni ubora. Mama Mborana anasuka gorfa kwa nyuzi za mizizi mpaka inashika maziwa bila kuvuja. Ufundi upo. Ambacho hatujawahi kuwa nacho, kuanzia misafara hadi kile kizuizi, ni sehemu ya kuuzia iliyo yetu.

Hii haihitaji mfadhili kutoka mbali. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya masoko na vyama vya ushirika. Tuitishe chama kimoja cha mafundi wa bangili, shanga na gorfa, chenye duka kubwa kando ya lami, choo safi na chai, ili gari isimame kwa sababu dereva anataka. Chama hicho kinunue shanga na shaba kwa jumla na kiuze kwa simu bei ikiwa imeandikwa. Na kisajiliwe kwa majina ya mafundi wenyewe, si ya mwanasiasa.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka kabla Juni iishe, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wengi wetu huwa hatuendi. Mwaka huu twende, na tuwabebe mama zetu wa shanga waseme wenyewe.